Nani anashika ufunguo? Mushauri Mukuu wa Sheria katika Baraza la Kazi la Amerika



Siku moja katika darasa, tulipokuwa tukisoma mafundisho ya Eklezia juu ya kazi na mushahara, mufratri mumoja aliinua mukono akasema: «Padri, Baba Mutakatifu Leo XIII aliandika katika mwaka 1891 kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Vizuri. Lakini patro akimufukuza mutu juu ya sendika, nani atamusemea?» Nilimujibu kwa ufupi kadiri ya sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Katika Kongo, mwenye ugomvi na patro wake anaenda kwanza kwa inspecteur wa kazi. Huyu anawaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Akishindwa, anaandika kwamba hawakupatana, na kwa karatasi ile mufanyakazi anaweza kubeba shauri yake mwenyewe mbele ya tribinali. Njia ni ndefu, na mufukara mara nyingi anachoka katikati, lakini hakuna mutu anayeweza kumwambia: wewe hutaingia.

Kengele ililia. Lakini kijana yule alinifuata inje: «Na katika inchi kubwa za viwanda, ni vile vile?» Nilimwahidi kumujibu kwa maandiko, na ahadi ni deni. Nimechagua Amerika, kwa sababu kule swali lake linafika kwa mutu mumoja tu, mwenye cheo ambacho watu wengi hata wa inchi ile hawakijui. Wanamuita General Counsel. Sisi tutasema Mushauri Mukuu wa Sheria. Lakini tangu sasa mujue kwamba jina hili linadanganya kidogo. Ni kweli, anatoa mashauri. Lakini kazi yake kubwa ni kushitaki, na zaidi tena, ni kukataa kushitaki.

Tuanze na asili ya mambo. Tarehe 5 Julai 1935, Prezida Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria iliyotayarishwa na Robert Wagner, senateri wa New York. Ilikuwa miaka ya njaa na ya ukosefu wa kazi. Migomo ilikuwa mingi, na damu ilikuwa imemwangika. Sheria ile iliwapa wafanyakazi wa viwanda na wa biashara haki ya kuungana, kuchagua wasemaji wao, kusemezana na patro juu ya mishahara na hali ya kazi, na kugoma. Ilimukataza patro kuwatisha ao kuwafukuza juu ya mambo hayo. Na kusudi sheria isibaki maneno matupu, iliweka Baraza la watu watatu, linaloitwa mpaka leo kwa herufi NLRB. Wapatro wengi hawakulitii, wakitumaini kwamba tribinali zitaivunja sheria. Lakini katika mwaka 1937 Tribinali Kuu ya inchi iliikubali, waamuzi watano juu ya wanne, katika shauri ya watu kumi waliofukuzwa katika kiwanda cha chuma cha Aliquippa, katika Pennsylvania.

Basi, wakati ule Baraza lilikuwa na kazi zote katika mukono mumoja. Watu wake walipokea malalamiko, walipeleleza, walishitaki, na mwisho lenyewe lilihukumu. Wapatro walilia sana: mwenye kushitaki na mwenye kuhukumu wanakula katika sahani moja, sisi tutapata haki wapi? Hawakuwa peke yao. Hata sendika moja kubwa ya zamani ilinungunika kwamba Baraza linaipendelea ndugu yake mupya. Mimi nafikiri lile lalamiko la wapatro, ijapokuwa wengi walilitumia kwa nia mbaya, lilikuwa na kitu cha kweli ndani yake.

Kisha vita, katika mwaka 1946 migomo ilifurika tena, na watu waliochaguliwa katika Bunge mwaka ule walitaka kupunguza nguvu za sendika. Tarehe 23 Juni 1947 ilipita sheria ya Taft na Hartley, ijapokuwa Prezida Truman aliikataa. Bunge liliipigia kura mara ya pili na kumushinda. Sheria hiyo iliweka makatazo juu ya sendika pia, hata leo patro naye anaweza kuleta malalamiko. Iliongeza watu wa Baraza kuwa watano. Tena iliipasua kazi ya Baraza vipande viwili. Kuhukumu kulibaki kwa wale watano. Kupeleleza na kushitaki kulipewa mutu mwingine, anayechaguliwa na Prezida na kukubaliwa na Senati kwa miaka ine. Huyu ndiye Mushauri Mukuu wa Sheria. Sheria inasema kwamba ana mamlaka ya mwisho juu ya kupeleleza malalamiko, juu ya kutoa mashitaki, na juu ya kuyasimamia mbele ya Baraza. Maneno haya «mamlaka ya mwisho» ni mafupi, lakini tutaona uzito wake.

Tazameni mambo yanavyoendeshwa. Tuseme mwanamuke anayefanya kazi katika kiwanda cha kushona amefukuzwa, na anawaza kwamba sababu ya kweli ni karatasi za sendika alizogawia wenzake. Haendi kwa tribinali. Anaenda katika ofisi ya jimbo ya Baraza (ziko zaidi ya 20 katika inchi nzima) na kuandika malalamiko yake. Halipi kitu, wala halazimishwi kuwa na avoka. Lakini inapashwa aje mbele ya miezi sita kupita. Akichelewa, haki yake imekufa, hata kama patro alikosa wazi kabisa. Na asipokuja yeye wala mutu mwingine yeyote, Mushauri Mukuu hawezi kuanza shauri kwa mapenzi yake mwenyewe, hata akisoma habari yote katika gazeti. Anangoja mutu agonge mulango.

Akigonga, mutumishi wa ofisi anamupokea, anamuuliza maswali, anaandika majibu yake yote, na mwanamuke anaapa na kutia sahihi. Mashahidi wengine wanaulizwa vile vile. Patro naye anaombwa aeleze sababu zake: labda atasema alichelewa kazini, ao aliiba, ao kazi ilipunguka. Kisha mukubwa wa ofisi ya jimbo anapima. Akiona malalamiko hayana musingi, anamwambia mwanamuke ayaondoe. Asipotaka, anayakataa kwa barua. Kila mwaka ofisi hizi zinapokea malalamiko karibu 20.000, miaka mingine zaidi, na zaidi ya nusu yanaishia pale, kwa kuondolewa ao kukataliwa. Akiona yana musingi, anajaribu kwanza kuwapatanisha, na mara nyingi sana wanapatana, kwa maana patro anajua kwamba sasa Leta ndiyo itakayomushitaki. Wasipopatana, mashitaki yanatolewa kwa jina la Mushauri Mukuu, na avoka wa ofisi anayasimamia mbele ya mwamuzi wa kwanza. Kisha mwamuzi, shauri inaweza kupanda kwa wale watano wa Baraza, na kutoka pale kwa tribinali za rufani.

Sasa turudi kwa yule mwanamuke aliyekataliwa. Anaweza kuandika Washington katika siku 14, kumuomba Mushauri Mukuu atazame tena. Kule iko ofisi inayosoma barua za namna hiyo. Ikisema hapana, basi. Hawezi kupanda kwa Baraza, kwa maana Baraza halisikii shauri isiyoletwa na Mushauri Mukuu. Hawezi kwenda kwa tribinali, kwa maana sheria hii haikumupa mufanyakazi ruhusa ya kumushitaki patro yeye mwenyewe. Katika mwaka 1987 Tribinali Kuu ilieleza tena wazi kwamba waamuzi hawana ruhusa ya kupima kukataa kwa Mushauri Mukuu. Wafratri wanaosoma sheria watakumbuka kwamba hata katika mambo ya makosa makubwa, kwetu, procureur akinyamaza, aliyekosewa anaweza bado kumuita mwenye kosa mbele ya tribinali yeye mwenyewe. Katika Baraza la kazi la Amerika njia hiyo ya pembeni haiko. Mulango ni mumoja, na ufunguo uko katika mfuko wa mutu mumoja.

Kwa nini walifanya vile? Sababu yao si ya kuchekwa. Wanasema: haki hii ya kuungana si mali ya mutu mumoja, ni mali ya inchi yote. Kila mutu akipeleka shauri yake mahali anapotaka, tribinali mia zitasema maneno mia, na mwenye feza nyingi atawachosha wengine kwa kesi zisizoisha. Afazali Leta ichague na ishitaki kwa sauti moja, kwa feza yake yenyewe. Na ni kweli kwamba mushonaji wa nguo hana feza ya kumulipa avoka kwa miaka mitatu. Yule aliyekubaliwa anapata musaada mukubwa ajabu bila kulipa hata franka moja. Ugumu uko kwa yule asiyekubaliwa.

Tena inapashwa tuondoe kosa moja ambalo hata wafanyakazi wa kule wanalifanya. Wanafikiri Mushauri Mukuu ni avoka wao. Sivyo. Anasimamia sheria. Anaweza kupatana na patro kwa masharti ambayo mufanyakazi hayapendi. Na malipo yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyowaza. Baraza halina ruhusa ya kumutoza patro amende kusudi kumuazibu. Linaweza kuagiza mufanyakazi arudishwe kazini na alipwe mishahara aliyokosa, lakini wanapunguza ile aliyopata kwingine wakati alipokuwa akingoja. Aliyefukuzwa katika kiwanda akaenda kuosha sahani katika hoteli ili watoto wasilale njaa, kila alichopata kwa sahani zile kinamupunguzia patro deni. Patro anapashwa pia kubandika tangazo ukutani, la kuahidi kwamba hatarudilia. Kompani tajiri inaweza kuhesabu gharama hiyo mbele ya kukosa, na kuona kwamba kosa ni rahisi.

Ndiyo maana wakati una nguvu kuliko hukumu. Tuchukue mufano wa Memphis, katika Tennessee. Mwanzo wa mwaka 2022, wafanyakazi wa duka moja la kahawa la kompani Starbucks walitangaza kwamba wanataka sendika, wakawaingiza watu wa televisheni ndani ya duka kisha saa za kazi. Katika Februari kompani iliwafukuza saba, ikisema wamevunja kanuni za usalama. Wao walisema: hapana, ni juu ya sendika. Kungoja hukumu ya mwisho ingekuwa kungoja miaka, na katika miaka ile wenzao wote wangekuwa wamejifunza kunyamaza. Lakini sheria ya 1947 iliweka chombo cha haraka: kwa ruhusa ya Baraza, avoka wa Mushauri Mukuu wanaweza kumuomba mwamuzi wa tribinali ya Leta awarudishe watu kazini mara moja, wakati shauri yenyewe ingali ikiendelea. Walifanya vile katika Mei, na katika Agosti 2022 mwamuzi alikubali. Kompani ilipanda mpaka Tribinali Kuu, na tarehe 13 Juni 2024 hii ilisema kwamba waamuzi wanapashwa kupima maombi ya namna hiyo kwa kipimo kigumu kilekile cha mashauri mengine yote, pasipo kuliachia Baraza njia nyepesi. Tangu siku ile chombo kingaliko, lakini ni kizito kuliko mbele.

Iko nguvu ingine, inayojificha. Anayechagua mashauri anachagua pia maswali. Mufano: tangu mwaka 1948 Baraza liliwaruhusu wapatro kuwakusanya wafanyakazi saa za kazi, kwa lazima, ili wasikilize hotuba juu ya ubaya wa sendika. Mutu akitoka, anaweza kuazibiwa. Katika Aprili 2022 Mushauri Mukuu wa wakati ule, Bibi Jennifer Abruzzo, aliandikia ofisi zote za majimbo kwamba ataliomba Baraza kuiacha kanuni ile. Alitafuta shauri inayofaa, na katika Novemba 2024, katika shauri ya Amazon, Baraza lilimukubali. Kanuni ya miaka 76 iliondoka. Bila yeye kuuliza, Baraza lisingepata nafasi ya kujibu.

Barua za namna hii, ambazo Mushauri Mukuu anawatumia wakubwa wa majimbo, si sheria, lakini zinaongoza kazi yote. Na zinabadilika pamoja na Prezida. Bibi Abruzzo alipoingia katika mwaka 2021, barua nyingi za Bwana Peter Robb aliyemutangulia zilikuwa zimekwisha kufutwa. Yeye alipoondoka, katika Februari 2025 aliyeshika nafasi kwa muda, Bwana William Cowen, alifuta nyingi za kwake. Mufanyakazi aliyekuja Desemba na mufanyakazi aliyekuja Machi, wote wawili na shida moja, wanaweza kukuta nyumba moja yenye desturi mbili.

Hapo tunafika kwa swali la uhuru wake. Wale waliopasua Baraza katika mwaka 1947 walitaka mutu asiyeogopa. Je, walimupata? Wa kwanza, Robert Denham, aligombana na Baraza juu ya nani anaamuru watumishi wa majimbo, na juu ya mashauri gani ni makubwa ya kutosha kushugulikiwa. Katika mwaka 1950 Prezida Truman alitaka kuondoa cheo chenyewe, Senati ilikataa. Basi katika Septemba alimuomba Denham aondoke, naye akaondoka. Kisha pale, miaka 70, hakuna Prezida aliyemufukuza Mushauri Mukuu mbele ya muda wake. Tarehe 20 Januari 2021, siku yenyewe ya kuapa, Prezida Biden alimwomba Bwana Robb ajiuzulu, akakataa, akafukuzwa siku ileile, miezi kumi mbele ya mwisho wa miaka yake ine. Tribinali za rufani zilisema ni halali, kwa maana sheria inawalinda wale watano wa Baraza kwa maneno wazi, lakini juu ya Mushauri Mukuu haisemi kitu. Mwisho wa Januari 2025 Prezida Trump alimufukuza Bibi Abruzzo kwa njia ileile. Wakati uleule alimufukuza pia mumoja wa wale wa Baraza, Bibi Gwynne Wilcox, na kwa miezi mingi Baraza halikuwa na watu watatu wanaohitajiwa ili kutoa hukumu. Ofisi za majimbo ziliendelea kupokea malalamiko, lakini shauri iliyopanda juu ilikaa.

Musifikiri kwamba naandika haya ili tujione wazuri. Inspecteur wetu naye ana shida zake, na ninawajua watu waliongojea karatasi yake muda murefu. Nataka tu muone kwamba hata inchi yenye waavoka wengi kuliko majani haikupata bado njia ya kumufanya mushitaki wa Leta awe na nguvu ya kutosha na tena asiwe mwana wa chama.

Neno la mwisho ni juu ya wale walio inje ya mulango kabisa. Sheria ya 1935 haikuwapokea wafanyakazi wa mashamba, wala watumishi wa nyumbani, wala watumishi wa Leta yenyewe. Na kuna wengine, wanaotugusa sisi karibu sana. Katika miaka ya 1970, walimu walei wa seminari ndogo mbili za Jimbo Kuu la Chicago, na wa masomo matano ya sekondari ya Jimbo la Fort Wayne na South Bend, walichagua sendika kwa kura zilizosimamiwa na Baraza. Maaskofu walikataa kusemezana na sendika zile, wakisema Leta haina ruhusa ya kuingia katika masomo ya Eklezia. Sendika zilileta malalamiko, Mushauri Mukuu alishitaki, Baraza liliwahukumu maaskofu. Tarehe 21 Machi 1979 Tribinali Kuu ililivunja neno la Baraza, watano juu ya wanne: Bunge halikusema wazi kwamba sheria hii inawahusu walimu wa masomo ya Eklezia, na bila neno wazi, afazali Leta isiingie mahali dini inapofundishwa.

Wafratri wengi wakisikia habari hii wanafurahi, kwa kuwa uhuru wa Eklezia ulilindwa. Mimi pia nafikiri waamuzi hawakukosa. Lakini tangu siku ile, mwalimu mulei wa seminari, akifukuzwa juu ya sendika, hawezi kugonga kwa Mushauri Mukuu wa Sheria. Anabaki na Askofu wake, na rekta, na padri ekonomo anayeshika kitabu cha mishahara. Mufratri aliyeniuliza lile swali atakuwa padri katika miaka miwili, na labda mumoja wa wale watatu. Nilipomusomea ukurasa huu alinyamaza, kisha akauliza kama walimu wa seminari yetu wana karatasi ya mapatano ya kazi. Nilimutuma kwa ekonomo.